MOTO NDIO ADUI YAKE

Kila fundi wa Malaba anaujua ule utepe mweupe tunaouzungusha kwenye meno ya bomba kabla ya kukaza koki ili isivuje. Kitu hicho hicho, kikiwa kigumu, hutengenezwa gasketi na vipande vya ndani ya valvu za matangi. Jina lake ni PTFE, na wengine wanakijua kwa jina la biashara, Teflon.

Kiligunduliwa kwa bahati huko Marekani mwaka 1938. Bwana Roy Plunkett alifungua mtungi wa gesi, gesi isitoke, na uzito wa mtungi ulikuwa haukupungua. Alipoukata akakuta unga mweupe. Unga huo ni kaboni na florini, navyo vimeshikana kwa nguvu hata tindikali ya betri, soda kali, petroli na dizeli haviwezi kuula. Ndiyo sababu tunauamini kazini.

Basi wengi wetu twafikiri kwamba kitu kisichodhurika hakiwezi kumdhuru mtu. Hapo ndipo tunapokosa. Plastiki hii huvumilia mpaka digrii 260 sentigredi. Moto wa kuchomelea unapita hapo mbali sana, na hata ncha ya sigara hupita. Ikiungua hutoa moshi wa sumu. Saa chache baadaye mtu hushikwa na baridi, homa, kikohozi na kubanwa kifua. Mara nyingi hupona baada ya siku moja au mbili, lakini moshi ukiwa mwingi huharibu mapafu na waweza kuua.

Nasi wa Busia tukitetemeka twasema ni malaria. Mimi mwenyewe niliwahi kukata kwa moto bomba lenye gasketi kuukuu. Usiku huo, nyumbani Mundika, nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Nilimeza dawa ya malaria bila kupimwa, na siku ya tatu nikarudi kazini. Mpaka leo siwezi kuapa ilikuwa homa gani, na hakuna aliyeniuliza nilishika nini kazini.

Kwa hiyo, ndugu, ondoa gasketi na utepe wote kabla ya kuwasha moto. Usivute sigara ukiwa na utepe mkononi au mfukoni, nawa kwanza. Usitupe mabaki kwenye moto wa chai. Ukishikwa na homa, pimwa, na umwambie daktari kazi uliyofanya siku hiyo.

Lakini mzigo huu si wetu peke yetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atueleze na kutufundisha juu ya hatari za kazi. Maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa ofisini hayamfundishi mtu. Tudai yabandikwe karakana kwa Kiswahili, tena tupewe maji na sabuni. Mwanachama mmoja akidai huitwa mkorofi. Tukidai sote, tutasikilizwa.