Novemba Hii Tuingie Msituni

Ndugu zangu wa Lewiston, Auburn, Portland na vijiji vya pembeni, msimu wa kulungu hauko mbali. Kuna Jumamosi moja, mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, ambayo jimbo la Maine limewatengea wakaazi wake kabla ya wawindaji wa majimbo mengine kuruhusiwa Jumatatu inayofuata. Alfajiri ya siku hiyo, saa kumi, kumbi za makanisa na za vyama vya wakulima huwa zimeshawashwa taa. Ndani kuna mayai, maharagwe, soseji, chapati za maji na kahawa ya moto, na pesa kidogo unayotoa mlangoni huenda kwenye paa la kanisa au kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Mezani wamekaa mafundi, walimu, wakata miti, wazee wastaafu, na watoto waliovalishwa makoti ya kaka zao. Sisi huonekana pale kwa nadra sana. Naomba mwaka huu tuwemo.

Najua kwa nini hatuendi. Zamu za usiku, watoto wadogo, Kiingereza kinachotuchosha, baridi. Lakini chini ya sababu hizo kuna nyingine ambayo hatuisemi sana. Wengi wetu tulitoka Fizi, Uvira, Rutshuru, Bujumbura vijijini, bonde la Juba. Msitu kwetu ulikuwa mahali pa kujificha usiku huku milio ikisikika nyuma. Baadaye, kambini Nyarugusu, Kakuma au Dadaab, kwenda porini kutafuta kuni kulikuwa ni kuhatarisha maisha, hasa kwa mama zetu na dada zetu. Mtu aliyepitia hayo akiambiwa kwamba majirani zake wanaingia msituni na bunduki kwa furaha, mwili unakataa kabla ya akili. Na sisi wa Lewiston tuna jeraha jingine la hapa hapa. Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mmoja aliwaua watu 18 katika mji wetu, na uwindaji ulisimamishwa kwa muda katika mji huu na miji mitatu ya jirani wakati akisakwa, siku chache tu kabla ya msimu kufunguliwa. Simlaumu yeyote ambaye tangu siku ile hataki kusikia mlio wa risasi, hata wa mbali.

Kwa hiyo sikuombi ushike bunduki. Nakuomba usimwachie mwanao dunia ya vyumba vya ghorofa, maegesho ya magari na simu tu, wakati nje ya mji kuna mojawapo ya misitu mikubwa ya Marekani, na wewe ni mkaazi wa hapa. Wazee wetu wanajua kusoma nyayo. Wanajua upepo ukivuma kuelekea kwa mnyama, mnyama keshakwenda. Wanaona jani lililotafunwa na kukisia ni lini. Elimu hiyo inakaa kwenye kochi huko Lewiston, na wajukuu hawajui hata kwamba babu anayo. Mpeleke babu msituni, muone nani atakuwa mwalimu.

Kuna siku nzuri ya kuanzia. Maine inapiga marufuku uwindaji siku ya Jumapili, na marufuku hiyo imekuwapo tangu 1883. Wapo waliojaribu kuiondoa. Mwaka 2021 wapiga kura waliingiza haki ya chakula katika katiba ya jimbo, na baadhi ya watu wakaenda mahakamani wakidai kwamba haki hiyo inawaruhusu kuwinda hata Jumapili. Mwaka 2024 mahakama ya juu ya jimbo ikawakatalia. Basi Jumapili ya Novemba, baada ya ibada, familia inaweza kutembea njia za msituni bila hofu ya risasi halali. Vaeni rangi ya machungwa kali hata hivyo, kofia na kizibao, maana si kila mtu hutii sheria. Mkirudi kaguaneni kupe: nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele za watoto. Kupe wadogo wa huku hueneza ugonjwa wa Lyme, na Maine ni miongoni mwa majimbo yaliyoathirika zaidi. Usidhani baridi imewaua. Siku yenye joto kidogo tu hutoka.

Kuhusu rangi ya machungwa lipo jambo ambalo kila mgeni wa Maine anapaswa kulijua. Mwaka 1988, huko Hermon karibu na Bangor, mama mmoja mwenye watoto wachanga mapacha alipigwa risasi na kufa nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amevaa glovu nyeupe, na mwindaji alisema alidhani ameona mkia wa kulungu. Mama yule alikuwa amehamia Maine muda mfupi kabla, na wapo wenyeji waliosema hadharani kwamba kosa ni lake kwa kutokuvaa rangi ya machungwa. Jimbo liligawanyika kwa uchungu. Hatimaye ikatungwa sheria inayomtaka mwindaji amtambue mnyama kwa hakika, aone kichwa na kiwiliwili, kabla ya kufyatua. Mzigo uko kwa mwenye bunduki. Naamini hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na naamini sheria ile ilisaidia kuufanya msitu wa leo kuwa salama kuliko wa zamani. Lakini kizibao hakigharimu sana, na mtoto wako ana uhai mmoja.

Msitu huo ni wa nani? Zaidi ya tisa ya kumi ya ardhi ya Maine ni mali ya watu binafsi na makampuni, na bado kwa desturi ya hapa mtu huruhusiwa kupita na kuwinda kwenye ardhi ambayo mwenyewe hajaweka tangazo la kukataza. Ukiona mstari wa rangi ya zambarau kwenye shina la mti, maana yake ni usiingie bila ruhusa. Lakini hata pasipo na mstari, nendeni mpige hodi. Hili sisi tumelelewa nalo. Nenda Agosti au Septemba, si asubuhi ya msimu. Nenda na mtoto anayejua Kiingereza, jitambulishe, sema unaishi wapi, uliza kama mnaweza kutembea au kuwinda kwenye shamba lake na wapi hataki mfike. Beba sambusa au mandazi. Baada ya msimu rudi ushukuru. Ardhi hufungwa kwa sababu ya takataka, malango yaliyoachwa wazi na watu wasiosalimia, na kila anayepiga hodi vizuri anawafungulia njia wanaomfuata.

Sasa kwa wale wanaotaka kuwinda hasa. Anza na kozi ya usalama wa uwindaji, ambayo hufundishwa na watu wa kujitolea na ndiyo mlango wa leseni. Lakini kabla ya kugusa bunduki, hakikisha hali yako ya uhamiaji. Sheria ya shirikisho inawakataza baadhi ya watu wasio raia hata kuwa na risasi mfukoni, na kosa hilo laweza kukupotezea kesi yako yote ya hifadhi. Mwenye kesi ambayo haijaamuliwa azungumze na wakili wake kwanza, na asimwazime wala asiazimwe bunduki na yeyote. Leseni ya asiye raia nayo ina masharti yake. Karani wa mji wako atakueleza.

Halafu kuna mambo ambayo kwetu yalikuwa uwindaji wa kawaida na hapa ni kosa. Kumtega kulungu kwa waya ni kosa. Kumulika usiku kwa tochi au taa za gari ni kosa, na adhabu yake ni pamoja na kifungo. Kuweka chambo cha mahindi au matofaa chini ya dungu lako ni kosa. Ukishampiga lazima umpeleke kituo cha usajili, ambacho mara nyingi ni duka la kijijini, na hapo ndipo utakapokutana na kijiji kizima kikitazama pembe. Na nyama yake haiuzwi. Unaweza kula, kugawa, kukausha, kualika ukoo mzima, ila usiuze hata kilo moja.

Hilo la kutouza linawashangaza wengi, nami naliona kuwa ndilo lililookoa mnyama huyu. Katika karne ya 19 kulungu mkia-mweupe aliwindwa kwa ajili ya masoko ya miji, ngozi na nyama zikisafirishwa kwa treni, hadi kufikia mwaka 1900 ikakadiriwa kwamba Marekani nzima ilibaki na takriban nusu milioni. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya Lacey dhidi ya biashara ya wanyamapori waliouawa kinyume cha sheria kati ya jimbo na jimbo. Mwaka 1937 ikaja sheria ya Pittman-Robertson, inayotoza ushuru wa asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, na fedha hizo zikarudishwa kwa majimbo kutunza wanyamapori. Leo kulungu hao hukadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Sisi tuliotoka nchi ambazo msitu umenyamaza kwa sababu ya nyama ya pori kupelekwa mijini tuna la kujifunza hapo, na la kuwaandikia ndugu waliobaki nyumbani.

Nyama yenyewe haina mafuta mengi, kwa hiyo usiikaange haraka ikawa ngumu. Paja lipikwe polepole na tangawizi, kitunguu saumu na nyanya, mbavu zibanikwe. Muislamu amuulize sheikhe wake mapema kuhusu kupiga bismillahi wakati wa kufyatua na kuchinja akimkuta hai, ili siku yenyewe asiwe na wasiwasi. Na jambo la maini, ambayo najua ndiyo yanayogombewa nyumbani: idara ya afya ya Maine inaonya kwamba maini na figo za kulungu hukusanya madini ya kadimiamu, na za yule mnyama mkubwa wa hapa, moose, zisiliwe kabisa. Maini ya kulungu yawe kidogo na kwa nadra, na mjamzito asipewe. Pia kuna eneo la Fairfield ambako mwaka 2021 jimbo liliwaonya watu wasile kulungu wa hapo kwa sababu ya kemikali za PFAS zilizoingia ardhini. Soma matangazo kila mwaka kabla ya kwenda.

Asiyewinda anaweza kula pia. Jimbo lina mpango wa kuwapokea kulungu waliotolewa na wawindaji, nyama ikakatwa na kupelekwa kwenye jikoni na maghala ya chakula cha msaada. Wasimamizi wa chakula katika makanisa na misikiti yetu wawasiliane na mpango huo, waseme tuko hapa na tunajua kuipika.

Neno langu la mwisho ni kwa vijana. Maine ndilo jimbo ambalo watu wake, kwa wastani, wana umri mkubwa kuliko jimbo lolote la Marekani. Wazee wanaofundisha kozi za usalama wanachoka. Wapo wenye miaka 75 ambao bado wanajua kila kijito cha wilaya yao, ila hawawezi tena kumburuta kulungu wa kilo 70 kutoka bondeni hadi barabarani. Wewe una mgongo na miguu. Nenda ukamburutie, naye atakuonyesha mahali kulungu wanapolala theluji ikizidi. Na wale ambao Kiingereza chenu kimenyooka, kaeni darasani pamoja na baba zenu mwatafsirie, kisha mwaka unaofuata ombeni kuwa wakufunzi ninyi wenyewe, mfundishe kwa Kiswahili. Kozi hujaa mapema, kwa hiyo anayetaka kwenda mwaka huu asingoje majani yabadilike rangi ndipo aandikishe jina.