El Fasher: Mji Uliohusuriwa Hadi Mafigani



Wapenzi wasomaji, vita vinapozungumzwa barazani hutajwa majemadari, silaha na ramani. Wiki hii tuviangalie vita kutoka mahali ambapo akina mama huviona kwanza: jikoni. Mji tunaouzungumzia ni El Fasher, makao makuu ya Darfur Kaskazini nchini Sudan, uliohusuriwa kwa takriban mwaka mmoja na nusu hata ukatekwa tarehe 26 Oktoba 2025.

El Fasher ni mji wenye heshima yake. Jina lenyewe latokana na baraza la sultani, na tangu mwishoni mwa karne ya 18 hapo ndipo palipokuwa makao ya masultani wa Darfur. Wa mwisho wao, Ali Dinar, aliyekuwa akipeleka misafara ya zawadi katika miji mitakatifu ya Hijazi, aliuawa Novemba 1916 Waingereza walipoiteka nchi yake. Wakaazi wake ni Waislamu kizazi baada ya kizazi. Waliouzingira mji huo nao ni Waislamu, na hilo ndilo linaloongeza uchungu.

Vita vya sasa vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023, katika siku kumi za mwisho za Ramadhani, baina ya jeshi la serikali chini ya Abdel Fattah al-Burhan na kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kwa jina la Hemedti. Kabla ya mwaka ule kumalizika, RSF ilikuwa imeiteka miji ya Nyala, Zalingei, El Geneina na Ed Daein. Darfur ina majimbo matano, na katika makao makuu yake matano ni El Fasher pekee uliobaki mikononi mwa jeshi. Njia zitokazo Libya na Chad hukutana hapo, na uwanja wa ndege upo. Aliyeushika mji huu alikuwa na nguvu kubwa Darfur.

Lakini mji huo huo ndio uliokuwa kimbilio. Maelfu kwa maelfu waliokimbia vita vya Darfur vya mwaka 2003, na wengine baada yao, walikuwa wakiishi katika kambi za Abu Shouk na Zamzam kando yake. Mapigano yalipopamba moto Mei 2024, watu hawa hawakuwa na pengine pa kwenda.

Juni 2024 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuitaka RSF iuache mzingiro. Halikusikizwa. Agosti mwaka huo wataalamu wakathibitisha kuwa baa la njaa limeingia Zamzam. Aprili 2025 kambi hiyo ikavamiwa, na mamia ya maelfu wakatoka, wengi wao wakielekea Tawila, mwendo wa kilomita 60 hivi, kwa miguu na kwa punda. Kisha picha za setilaiti zikaonyesha tuta la udongo likijengwa kuuzunguka mji, zaidi ya kilomita 30, ili chakula kisiingie na mtu asitoke.

Ndani ya tuta hilo watu walikula mashudu ya karanga, yale makapi yanayobaki baada ya mafuta kukamuliwa, ambayo hupewa mifugo. Majiko ya jamii, yaliyoendeshwa na wanawake na vijana wa kujitolea, yalipika mashudu hayo na kuyagawa, hata nayo yakawa adimu. Kila mwenye kupakulia watoto aelewa maana ya jambo hilo. Mama huyo hakubeba bunduki, wala hakuulizwa rai yake juu ya vita. Hata hivyo sufuria yake ndiyo iliyolengwa, kwa kuwa mji usioshindika kwa risasi hushindwa kwa njaa.

Hata pa kujifungulia na pa kuswalia hapakusalimika. Januari 2025 watu wapatao 70 waliuawa katika Hospitali ya Uzazi ya Saudia mjini humo. Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 19 Septemba, ndege isiyo na rubani iliwashambulia waumini wakiwa katika swala msikitini, wakafa zaidi ya 70. Na mji ulipoanguka, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa wagonjwa na waliowauguza zaidi ya 460 waliuawa katika hospitali ile ile. Jeshi nalo halina mikono safi: Machi 2025 ndege zake zilishambulia soko la Tora, kaskazini ya El Fasher, siku ya gulio.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila hukumu. Mtume (S.A.W.) alitueleza habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumpa chakula, wala hakumfungulia akajitafutia. Ikiwa hiyo ni hukumu ya paka mmoja, itakuwaje kwa aliyeufungia mji mzima? Sayyidna Abu Bakr (R.A.), alipoliaga jeshi lililokwenda Sham, aliwakataza kuua wanawake, watoto na wazee, na kukata miti yenye matunda. Na Sura ya Al-Hujurat yatuamrisha tuyapatanishe makundi mawili ya waumini yanapopigana.

Nasi Kenya hatuko mbali. Februari 2025 RSF na washirika wake walikutana Nairobi na kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali yetu ilisema inatafuta amani. Sudan ikamwita balozi wake arudi, na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Tuna haki, kama raia, kuwauliza viongozi wetu kwa adabu: mwenye kupatanisha huketi na nani, na kwa sharti gani?

Nyumbani nako tuna wajibu. Tusizisambaze video za mauaji ambazo wapiganaji walijirekodi. Ni kuwavunjia heshima maiti, na watoto wetu huziona. Tuwatafute Wasudani waliokimbilia kwetu, tujue hali zao. Tunapotoa sadaka, tuhakikishe inapita kwa mikono ya kuaminika. Na jioni moja tuwaeleze watoto, kwa maneno wanayoyaweza, kwamba El Fasher kuna wenzao waliolala na njaa kwa kuwa njia ilifungwa, si kwa kuwa ardhi ilikosa mavuno.

Ewe Mola, wahurumie waliokufa, washibishe waliobaki, na uzirudishe nyoyo za ndugu katika suluhu. Amin.

Wabillahi tawfiq.