Dawa zilizoisha muda nyumbani kwako: nani azichukue?

Fungua droo ya kabati lako. Kuna vidonge vinne vya amoksilini, dawa mseto iliyoachwa homa iliposhuka, na chupa ya dawa ya mtoto iliyoisha muda. Unazipeleka wapi?

Wengi wetu jibu ni moja: kwenye ndoo ya taka au chooni.

Dukani kuna utaratibu, nyumbani je?

Famasi yenye dawa zilizoisha muda hairuhusiwi kuzitupa kienyeji. Inatakiwa kuzitenga, kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kisha ziteketezwe chini ya usimamizi. Gharama ni za mwenye mali.

Hapo ndipo penye shida. Ukimrudishia muuzaji dawa zako, zinageuka mzigo wake na bili ni yake. Usishangae akikwambia katupe tu. Kwa hiyo tusiseme watu hawajali. Kupokea dawa hizo hakumlipi mtu yeyote.

Ukizitupa, zinaenda wapi?

Taka za Dar es Salaam zinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako kuna watu wanaochambua taka kutafuta vya kuuza. Dawa ikiwa bado kwenye pakiti yake, inaweza kuokotwa na kurudi mtaani. Na chooni? Nyumba nyingi za jijini zinatumia mashimo, na mitaa mingine ina visima jirani.

Antibiotiki zikiingia kwenye maji na udongo, bakteria wanapata nafasi ya kuzizoea. Ni kweli, chanzo kikubwa cha usugu ni matumizi holela, lakini hii nayo inachangia.

Nani alipe?

Ufaransa ina mfumo wa Cyclamed tangu 1993: mwananchi anarudisha dawa famasi bure, kampuni za dawa zinachangia gharama. Kwetu, bila kuamua nani analipa, kampeni za kuelimisha hazitafika mbali.

Kwa sasa fanya hivi

• Maliza dozi kama ulivyoandikiwa.
• Uliza kwanza hospitali au famasi iliyo karibu kama wanapokea.
• Wakikataa, toa vidonge kwenye pakiti, changanya na majivu au majani ya chai yaliyotumika, funga kwenye kopo, ndipo utupe.
• Futa jina lako kwenye bahasha ya dawa.
• Sindano weka kwenye chupa ngumu, peleka kituo cha afya.

Hii inapunguza hatari tu. Kopo lako bado linaenda Pugu.