Hospitali yafilisika, kiwanja chasalimika

Mwekezaji anapotaka kununua hisa au kuingia ubia, kwa kawaida huuliza kwanza faida ya mwaka. Kisa cha Hospitali ya Hahnemann, Philadelphia, Marekani, kinaonyesha kuwa lipo swali la kutangulia: hati ya kiwanja iko mikononi mwa nani?

Hahnemann haikuwa biashara ya juzi. Chuo chake cha udaktari kilianzishwa mwaka 1848. Mwaka 1998 shirika lililokuwa likimiliki hospitali na chuo, AHERF, lilifilisika likiwa na madeni ya dola bilioni 1.3. Kampuni ya Tenet ikanunua hospitali. Chuo kikaenda chini ya Chuo Kikuu cha Drexel. Tangu hapo, walimu na wagonjwa wakawa chini ya paa moja lakini wakiwa na wenye mali tofauti.

Januari 2018 Tenet iliuza Hahnemann pamoja na hospitali ya watoto ya St. Christopher's kwa dola milioni 170. Mnunuzi, Joel Freedman, mfanyabiashara wa fedha kutoka California, aliweka shughuli za matibabu upande mmoja, na ardhi na majengo ya Hahnemann katika kampuni nyingine. Mwishoni mwa Juni 2019 kampuni ya matibabu ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Kampuni zenye ardhi, iliyo katikati ya jiji, hazikuwamo.

Hospitali ilifungwa mwaka huo huo. Wagonjwa, wengi wao maskini, walitafuta tiba kwingine. Madaktari zaidi ya 550 waliokuwa mafunzoni walihangaika kutafuta hospitali za kuwapokea. Hata nafasi zao za mafunzo zilipigwa mnada na kufikia dola milioni 55, kwa kuwa serikali huilipa hospitali fedha kwa kila nafasi. Serikali hiyo ilipinga mauzo hayo.

Watetezi wa mnunuzi husema hospitali ilikuwa ikila hasara, na ni kweli: bima za serikali walizotumia wagonjwa wengi hulipa kidogo. Lakini hasara inaeleza kwa nini milango ilifungwa. Haielezi kwa nini mali yenye thamani kubwa ilikuwa mbali na wadai. Kutenganisha ardhi na biashara si kosa kisheria. Hatari inambakia anayekopesha upande usio na kitu.

Somo kwa mwenye kuuza dawa kwa mkopo au kununua hisa ni jepesi. Asitosheke na jina kubwa wala umri wa jengo. Adai kuona mizania ya kampuni ile ile inayotia saini, na ajue inamiliki nini. Nazo serikali zinaporuhusu hospitali ya kufundishia kuuzwa, ziweke sharti kwamba kiwanja kifuate huduma.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Philadelphia daftari zilikuwapo mbili, na wadai walifunguliwa moja.