Gari la Zamani Lisilo na Kutu Lisipigwe Rangi Kabla ya Kuuzwa

Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alishinda mbio za East African Safari akiendesha Peugeot 404. Yamebaki machache ya aina hiyo, na mengine yamesimama nyuma ya nyumba, injini imekwama, matairi yamekwisha upepo. Mwenyewe akiamua kuuza, hujitokeza mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake, kisha ndugu anayemshauri alipige rangi ili livutie.

Wote wawili wanamtia hasara.

Thamani ya gari kama hilo iko kwenye bodi. Injini hufanyiwa ovahoo, breki na nyaya hubadilishwa. Lakini bati lililoliwa na kutu sharti likatwe, kiundwe kipande kingine na kuchomelewa, na gharama ya fundi bodi inaweza kuipita bei ya gari lenyewe. Ndiyo maana gari lililokaa Dodoma kwenye ukame si sawa na lililozeekea Tanga kwenye hewa ya chumvi, hata kama yalitoka kiwandani siku moja.

Mnunuzi anayelijua hilo huinua zulia, hulala chini atazame sakafu, huchungulia pembe za buti, kisha hupitisha sumaku iliyofungwa kitambaa chini ya milango na kuzunguka magurudumu. Ikinasa, kuna chuma. Ikiteleza, kuna puti. Rangi mpya humtia shaka, maana kutu imefichwa hivyo miaka yote. Rangi iliyopauka kwa jua humwonyesha bati lilivyo.

Basi liuzwe hivyo hivyo. Lioshwe, lipigwe picha mchana, uvunguni pia, na kasoro zitajwe bila kuzungusha: gia haiingii, kioo kimepasuka. Nembo, taa na vifuniko vya rimu vilivyotupwa stoo vitafutwe, kwa kuwa mnunuzi atahangaika sana kuvipata kwingine. Wateja wapo, kwani tangu 2003 mbio za East African Safari Classic zimeyapa magari ya zamani uwanja wao.

Kadi ya gari ikiwa bado ina jina la marehemu baba, mahakama imthibitishe kwanza msimamizi wa mirathi. Bila hilo umiliki hauhamishwi, na mnunuzi makini hatatoa hata malipo ya awali.