Shule na zijijengee makao yao mtandaoni

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi walipoingia Gredi ya 10, mazungumzo ya elimu nchini yametawaliwa na masuala ya madarasa, maabara, karo na uhaba wa walimu. Ni mazungumzo ya haki, na wala simlaumu yeyote anayeyaendeleza. Lipo, hata hivyo, swali jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili, nalo ni hili: maarifa yanayozalishwa kila siku na walimu na wanafunzi wetu huenda wapi baada ya kengele ya jioni kulia?

Mtaala huu, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 kuanzia madarasa ya awali hadi Gredi ya 3, unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Kabla ya hapo, mnamo 2016, serikali ilikuwa imeanza kugawa tableti katika shule za msingi, na zaidi ya milioni 1 zikatolewa. Vifaa vilikuja. Hatujajiuliza vya kutosha ni nini tutakachokiandika kwa vifaa hivyo, na tutakiweka wapi.

Kwa sasa jibu ni moja: tunakiweka katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Mwalimu wa fizikia hutayarisha maelezo mazuri ya umeme siku ya Jumatatu, akayatuma kwa kundi la wanafunzi na wazazi. Kufikia Alhamisi maelezo hayo yamekwisha kufunikwa na salamu, rambirambi na matangazo ya harambee. Mwanafunzi wa mwaka ujao hatayaona. Mwalimu mwenyewe akihamishwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, huondoka na rununu yake, na kazi ya miaka kumi huondoka naye. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yamkini hawakuwa na rununu akilini, lakini neno lao limetuangukia barabara.

Isitoshe, kurasa hizo si zetu. Sisi ni wapangaji tu, na mwenye nyumba hahitaji idhini yetu ili kuibomoa. GeoCities, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kununuliwa na Yahoo mwaka 1999, ilikuwa makao ya mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida. Mwaka 2009 ilifungwa. Google nayo ilizindua Google+ mwaka 2011 kwa vishindo, kisha ikawafungia milango watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Waliokuwa wameyahifadhi maandishi yao humo pekee, na hawakuyahamisha kwa wakati, waliyapoteza. Nguo ya kuazima haisitiri.

Ndiyo maana naonelea kwamba kila shule, na kila mwalimu anayependa kuandika, hana budi kujijengea blogu, yaani tovuti nyepesi ambayo makala hupangwa kwa tarehe, mpya ikitangulia, na ya zamani ikibaki mahali pake ipate kusomwa daima. Hili si jambo geni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Mwaka 2004 Mtanzania Ndesanjo Macha alikuwa akiandika Jikomboe, blogu ambayo aghalabu hutajwa kuwa ya kwanza katika lugha hii. Hapa kwetu, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipochacha, ni wanablogu, Ory Okolloh akiwa mmoja wao, waliozaa Ushahidi mnamo Januari 2008, chombo cha kukusanya habari za maovu yaliyokuwa yakitendeka. Jina lake ni la Kiswahili, na limetumika duniani kote.

Je, mwanagenzi aanzie wapi? Jambo la kwanza ni jina, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Tangu mwaka 2002 majina ya mtandaoni yanayoishia na .ke yamesimamiwa na KeNIC. Shule za msingi na za upili zimetengewa mwisho wa .sc.ke, vyuo vimetengewa .ac.ke, na mtu binafsi anaweza kuchukua .me.ke. Jina hulipiwa kila mwaka kupitia kampuni zilizoidhinishwa. Naijua shule moja, jina lake nalihifadhi, iliyomkabidhi kijana fulani kazi ya kuijengea tovuti. Kijana alilisajili jina kwa anwani yake ya baruapepe. Miaka miwili baadaye alipata kazi kwingine, notisi za malipo zikawa zinamfikia yeye, jina likaisha muda wake, na likachukuliwa na mtu asiyejuana na shule. Barua zote, mabango yote na vitabu vyote vya wazazi vilikuwa na anwani ambayo sasa inaelekeza kwa mgeni. Funzo ni kwamba jina lisajiliwe kwa jina la shule, kwa baruapepe ya ofisi, na tarehe ya malipo iandikwe katika shajara ya mwalimu mkuu kama inavyoandikwa ya bili ya maji.

Jambo la pili ni makao. Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni kutumia huduma inayotoa nafasi bure, kama vile Blogger, iliyoanza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, au WordPress.com, iliyoanza mwaka 2005. Blogger humruhusu mtu kuunganisha jina alilolinunua bila kudaiwa malipo ya ziada, WordPress.com humtaka kwanza alipie. Njia ya pili ni kukodi nafasi kwenye seva ya kampuni, kisha kuweka humo programu ya WordPress yenyewe. Hapa sharti tutofautishe mambo mawili yenye jina moja. WordPress.com ni huduma ya kampuni. WordPress, programu iliyotolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ni huria: mtu yeyote anaweza kuichukua, kuitumia na kuibadilisha bila kuilipia. Leo inaendesha zaidi ya thuluthi moja ya tovuti zote duniani.

Ushauri wangu kwa mwalimu anayeanza ni kwamba ajifunzie kwenye huduma ya bure, lakini anunue jina lake mapema. Aliye na jina lake anaweza kuhama kutoka seva hii hadi ile, na wasomaji wasijue kwamba kumekuwa na safari. Asiye na jina, akihama, huanza upya kama mtu aliyebadilisha nambari ya simu bila kuwaarifu jamaa zake.

Jambo la tatu ni mapambo, nalo ndilo linalowalevya wanagenzi. Programu hizi huja na mandhari za kila aina, na kijana anaweza kupoteza wiki nzima akibadilisha rangi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabla ya rangi, na arekebishe mambo haya. Aweke saa za Nairobi, kwa kuwa WordPress huja na saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Achague anwani za makala zinazoonyesha kichwa cha makala, badala ya zile zenye nambari zisizo na maana. Afute makala ya mfano inayokuja na programu. Apange makala kwa mafungu yanayoeleweka: Hisabati, Kiswahili, Biolojia, Michezo. Atenge kurasa za kudumu, kama vile historia ya shule na jinsi ya kuwasiliana nayo, na makala zinazoongezwa kila wiki. Kisha aamue kwamba maoni ya wasomaji hayatachapishwa kabla ya mwalimu kuyakagua.

Katika kuchagua mandhari, kipimo kiwe rununu ya mzazi wa Makueni au Turkana, wala kisiwe tarakilishi ya ofisini. Picha inayopigwa kwa rununu za leo yaweza kuwa na ukubwa wa megabaiti 4. Ukiweka picha kumi za siku ya michezo, umemtwika mzazi mzigo wa megabaiti 40. Picha zizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 kila moja, mzigo wote hauzidi megabaiti 1.5, na macho hayatambui tofauti kwenye kioo kidogo. Anayempunguzia mzazi gharama ya data amemwongezea sababu ya kurudi.

Jambo la nne ni ulinzi. Vijiprogramu vya ziada ni vitamu, lakini kila kimoja ni mlango mwingine wa nyumba. Viwe vichache, vitoke mahali panapoaminika, na visasishwe kila toleo jipya linapotoka. Jina la mtumiaji lisiwe «admin», maana hilo ndilo wezi huanza nalo. Nywila iwe ndefu na isitumiwe kwingine. Watu wawili wanaoaminika wawe na mamlaka kamili, si mmoja, kwa kuwa binadamu huugua, huhamishwa na hufa. Wanafunzi wapewe mamlaka ya kuandika tu, na mwalimu ndiye achapishe. Nakala ya akiba ya tovuti nzima itolewe kila wiki na kuhifadhiwa nje ya seva hiyo, maana akiba inayokaa ndani ya nyumba huungua pamoja na nyumba.

Nisingekuwa nimewatendea haki wasomaji wangu kama ningeishia hapo, kwa sababu kuandika hadharani kuna wajibu na kuna hatari. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Haya si maneno ya kwenye karatasi tu. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Fedha hizo zingenunua vitabu vingi sana. Kwa hiyo fomu ya idhini itangulie kamera. Vivyo hivyo, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haimruhusu mwalimu kukichukua kitabu cha mtu na kukimwaga kwenye blogu ya shule, hata nia yake ikiwa njema kiasi gani.

Upande wa hatari, hatuwezi kujifanya vipofu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni ilipotungwa mwaka 2018, kifungu chake cha 23 kiliweka adhabu ya faini isiyozidi Sh5 milioni au kifungo kisichozidi miaka 10 kwa kuchapisha habari za uongo za kuzua hofu au kumharibia mtu jina. Wanablogu nchini walikwenda mahakamani mwaka huo huo kuipinga. Na Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa Homa Bay na kusafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa madaktari ukaonyesha majeraha yasiyolingana na kauli hiyo. Kisa hicho kingali kinawatia walimu wengi baridi ya moyo.

Je, tunyamaze? La hasha. Mwalimu anayefunza wanafunzi wake kuthibitisha habari kabla ya kuichapa, kutaja ilikotoka, kusahihisha hadharani kilichokosewa na kutofautisha maoni na ukweli, huyo anajenga raia ambaye si rahisi kumdanganya wala kumtisha. Blogu ya shule ni darasa bora la uraia, kwa sababu kilichoandikwa humo kina jina la mwandishi na kinaweza kujibiwa.

Watakuwako wanaosema kwamba haya ni ya shule za kitaifa, na kwamba shule isiyo na umeme haina haja ya tovuti. Naielewa hoja hiyo, ila siikubali. Hapo kale, shule nyingi zilichapisha majarida yao kwa mashine ya stensili, karatasi za manjano na wino uliochafua vidole. Hazikungoja kuwa na mitambo ya gazeti. Rununu moja ya mwalimu, iliyochajiwa sokoni kama hapana budi, inatosha kuchapisha insha moja kwa wiki. Insha moja kwa wiki katika muhula wa majuma 13 ni insha 13, na kwa miaka mitatu ya sekondari ya juu ni zaidi ya 100. Haba na haba hujaza kibaba.

Wizara ya Elimu nayo isiache mzigo wote kwa wakuu wa shule. Maadamu inataka ujuzi wa kidijitali ufunzwe, na iwasaidie kulipia majina ya .sc.ke, na iwape walimu mafunzo ya siku chache kuhusu mambo niliyoyataja. Vyuo vya walimu navyo vimdai kila mwanagenzi aanzishe blogu yake mwaka wa kwanza na kuitunza hadi afuzu.

Wasomi wetu wamelalamika kwa miaka mingi kwamba Kiswahili hakina maandishi ya kutosha ya sayansi, hesabu na fasihi kwenye intaneti. Hakuna mgeni atakayekuja kuyaandika kwa niaba yetu. Mwalimu anayefundisha Kiswahili huko Kitui, Kwale au Kakamega anayo maelezo ya ngeli, mashairi ya wanafunzi na istilahi alizozisaka kwa jasho. Na ayape makao yenye jina lake na anwani isiyohama, ili atakayeingia Gredi ya 10 miaka kumi ijayo ayakute yakimngoja.