Hatuko Japani, lakini tuko juu ya ufa



Katika somo la jeografia mwenzetu mmoja aliuliza kama tetemeko kubwa la inchi linaweza kufika hapa Kalemie. Kalasi yote ikacheka. Mwingine akamjibu: «Hayo ni mambo ya Japani na visiwa vya Indonesia, siye tuko na ziwa letu tu.» Nilicheka na mimi. Jioni nikamwelezea mama, yeye hakucheka hata kidogo.

Akaniambia habari ya Juma tatu tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na karibu dakika 20 mchana. Mimi sikuwa nimezaliwa. Alikuwa anatwanga sombe, mara kinu kikaanza kutembea. Alifikiri ni kizunguzungu, kumbe ni inchi yenyewe. Wapimaji walipata nguvu ya 6,8, na kitovu chake kilikuwa huku huku ziwani. Hata Nairobi watu walitoka mbio katika majumba marefu. Hapa mjini nyumba zilianguka na watu walikufa.

Yule aliyejibu hakusema uongo wote. Kule Japani na Sumatra bamba moja la inchi linazama chini ya lingine. Linakwama miaka na miaka, halafu linaachia mara moja. Njo sababu tarehe 26 Desemba 2004 Sumatra ilipata 9,1, na mawimbi yakavuka bahari mpaka Somalia, Kenya na Tanzania. Kwetu si kuzama, ni kuachana: upande wa mashariki wa Afrika unavutwa mbali na upande wetu, milimita chache kwa mwaka. Ziwa Tanganyika njo ufa huo, umejaa maji mpaka kina cha mita 1470. Nguvu iliyotoka kwetu 2005, ile ya Sumatra iliipita zaidi ya mara 2000. Sawa, tumshukuru Mungu.

Lakini nguvu ya tetemeko ni kitu kimoja, hatari ni kingine. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilipata 5,9 tu. Watu zaidi ya kumi walikufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa. Japani tetemeko la namna hiyo mara nyingi linapita, watu wanaendelea na kazi. Tofauti iko kwenye kuta. Sisi tunajenga kwa matofari na udongo, hatuweki mukanda wa sima na vyuma wa kuzunguka kuta chini ya mabati. Tena wengi tunajenga kwenye mchanga laini wa pembeni ya ziwa na bonde la Lukuga, na udongo laini unazidisha mtikisiko.

Wala tusifikiri ile 6,8 ilikuwa mwisho. Tarehe 13 Desemba 1910, upande wa Rukwa, kusini-mashariki ya ziwa hili hili, lilipita la 7,4. Wakati ule mji wetu ulikuwa kituo kidogo. Leo hesabu wewe mwenyewe paa ngapi unaona ukisimama juu ya kilima.

Kuna ndugu watakaosema tuombe tu. Tuombe, ndiyo. Lakini tetemeko la Bukavu la tarehe 3 Februari 2008 lilikuja Juma pili asubuhi, na ng'ambo, upande wa Rwanda, kanisa liliwaangukia watu wakiwa katika ibada.

Basi nilianza kuitazama kalasi yetu kwa macho mengine. Kuna ufa kwenye ukuta wa nyuma, kidole kinaingia. Milango ni miwili: mmoja unafunguka kwa ndani, na mwingine umezibwa na madawati mabovu tangu mwaka jana. Siye tuko 54.

Najua jibu: makuta hakuna. Kwa mukanda wa sima, kweli, makuta yanahitajika, na wazazi wangeulizwa katika mkutano wao. Kugeuza bawaba ili mlango ufunguke kwa nje ni kazi ya seremala ya asubuhi moja. Kuondoa madawati hakuna bei. Tuko wavulana sita na wasichana wanne tayari kuyabeba Juma mosi baada ya masomo. Kinachokosekana ni ufunguo wa ule mlango, nao uko kwa bwana prefe.